Dosiye inakutangulia: kazi ya RH na mafunzo kupitia mawakala wa Lubumbashi

Dereva akiomba kazi, anapewa gari alizungushe uwanjani. Fundi wa kuchomelea anapewa vipande viwili vya chuma na mashine. Mtu wa RH, yaani rasilimali watu, hapewi kitu. Anapimwa kwa karatasi alizoleta mwenyewe, na mara nyingi mtihani unakwisha kabla hajaitwa: dosiye, yaani faili la karatasi zake, imefunguliwa, tarehe hazipatani, diploma imepigwa picha kwa simu juu ya kitambaa cha meza chenye maua, na wakala anajiuliza huyu atakuwaje akikabidhiwa dosiye za watu mia tatu. Sisi tuliokaa pande zote mbili za meza hiyo hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tumeona watu wengi hodari wakiachwa kwa sababu hiyo, kuliko walioachwa kwa kukosa elimu.

Kwanza tuelewane kuhusu wakala mwenyewe. Wakala wa ajira, au kabine kama wengi wanavyosema hapa mjini, hakutafutii wewe kazi. Anaitafutia kampani mtu. Kampani ndiyo inayomlipa, kwa kawaida kiasi fulani cha mshahara wa mwaka wa mtu aliyepatikana, na mara nyingi halipwi mpaka mtu huyo asaini. Juu ya hapo huwa ametoa dhamana: mtu akiondoka au akifukuzwa ndani ya miezi michache ya kwanza, atatafuta mwingine bila malipo. Ukilijua hilo utaelewa mengi yanayowaudhi waombaji. Hakujibu barua yako kwa sababu wiki hii hana nafasi ya mtu kama wewe. Alikupigia mara tatu kwa siku moja kisha akanyamaza kwa sababu mteja wake amebadili nia. Anamwogopa mtu aliyehama kazi mara nne kwa miaka mitatu kwa sababu ya ile dhamana.

Halafu kuna tofauti ambayo hata watu wa RH wenyewe huichanganya. Kuna wakala anayekupeleka kwa mwajiri, ukasaini na mwajiri, na yeye akaondoka. Kuna mwingine anayekuajiri yeye mwenyewe, kisha anakuweka kwenye mgodi wa mteja. Kwenye njia ya Likasi, Fungurume na Kolwezi aina hii ya pili ni nyingi sana. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, hata kabla ya mshahara, ni hili: nani atasaini kontra yangu, yaani mkataba wangu wa kazi? Akisaini wakala, basi yeye ndiye mwajiri wako: yeye anakulipa, yeye anakuandikisha CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), ngazi ya mishahara ni yake, na mkataba wake na mgodi ukiisha, kazi yako inatikisika pamoja nao. Kwa mtu wa RH kuna jambo la ziada. Utakaa ofisini kwa mteja ukishughulikia adhabu na likizo za watu, lakini huna haki ya kusaini hata barua moja ya onyo, maana wewe si mtu wa kampani hiyo. Wengi wameingia migodini kwa mlango huo na wakafika mbali. Ila ingia ukijua.

Kuhusu matapeli tutasema machache, maana kila mtu mjini ana kisa chake. Wakala wa kweli ana kibali cha wizara ya kazi, ana namba ya RCCM (daftari la biashara) na namba ya kodi, na ana biro ambayo unaweza kwenda kugonga mlango wake. Hakuombi pesa za dosiye. Hakuombi pesa za uchunguzi wa daktari kwa M-Pesa wala Airtel Money. Hakuandikii kwa anwani ya barua pepe ya bure iliyobandikwa jina la mgodi mkubwa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1997, unasema wazi kwamba mawakala binafsi wasimtoze mfanyakazi ada. Anayelipa ni mwajiri. Na mtu wa RH akitapeliwa kwa ada ya dosiye, hasara yake si pesa peke yake. Habari ikifika kwa mawakala, watajiuliza atawalindaje wengine.

Sasa dosiye. Tunayoipenda ni faili moja ya PDF, isiyozidi megabaiti mbili, yenye jina linaloeleweka: jina la ukoo, jina lako, kazi, mwaka. Ukituma picha tisa za WhatsApp, saba zimelala ubavu, wakala atalazimika kuzipanga yeye, na hatazipanga. Ndani ya faili hiyo CV inatangulia, kurasa mbili zinatosha. Inafuata diploma, halafu vyeti vya mafunzo vinavyohusu kazi hiyo tu, halafu vyeti vya kazi vya waajiri wa zamani kwa mpangilio uleule wa CV. Kadi ya mpiga kura au kitambulisho kingine kinakuja mwisho. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha ndogo na cheti cha mwenendo mwema uwe navyo tayari nyumbani, lakini usivitume mwanzoni. Vitaombwa siku ya kontra, na siku hiyo huwa vinatakiwa jana.

Cheti cha kazi, ile karatasi ambayo waajiri wetu huiandika attestation de service rendu, kinastahili maneno zaidi. Sheria inamlazimu mwajiri kukitoa mkataba unapokwisha, kikionyesha aina ya kazi na tarehe za kuanza na kumaliza. Wakala anachukua cheti hicho mkono mmoja na CV yako mkono wa pili, analinganisha tarehe. CV ikisema umemaliza Desemba na cheti kinasema Septemba, miezi hiyo mitatu inageuka swali. Watu wengi hawakudanganya; walihesabu tu muda waliokuwa wakisubiri hesabu yao ya mwisho. Lakini kazi yenyewe unayoomba ni ya kutunza tarehe. Miezi uliyokaa bila kazi iandike ilivyo: «Machi hadi Agosti, kutafuta kazi; mafunzo ya Excel kwenye INPP» (taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi) ni mstari wa heshima kabisa, kama ni kweli.

CV za RH za hapa kwetu zina ugonjwa mmoja: zinasoma kama orodha ya masomo. «Kusimamia rasilimali watu. Kusimamia mafunzo. Kusimamia migogoro.» Mteja akisoma hapo hajui kama ulikuwa na watu kumi au elfu mbili. Chukua mstari mmoja huo, kwa mfano «kusimamia mishahara», uukamue: wafanyakazi wangapi, mahali pangapi, programu gani (Sage, au Excel peke yake, usione haya), mwezi unafungwa tarehe ngapi, na sehemu gani uliifanya kwa mkono wako. Unapata kitu kama hiki: «Mishahara ya wafanyakazi 180, Lubumbashi na Kipushi, kwa Sage, kukusanya mahudhurio, kuingiza saa za ziada, kuandaa matamko ya CNSS, mkurugenzi wa fedha ndiye anayesaini.» Kipande hicho cha mwisho, cha nani anasaini, watu hukificha wakidhani kinawapunguza. Sisi kinatufanya tuamini mengine yote.

Kwa upande wa mafunzo, namba zinazotafutwa ni hizi: vipindi vingapi kwa mwaka, watu wangapi, saa ngapi, na wangapi walifaulu jaribio. Kama hukuwahi kuhesabu, rudi kwenye karatasi zako za mahudhurio uhesabu. Usibuni. Aliyebuni hukamatwa kwa swali dogo: «Watu 1,200 kwa vipindi 20? Kwa hiyo watu sitini kwenye chumba kimoja?»

Simu ya kwanza ya wakala inachukua dakika kumi hadi kumi na tano, na haiji kwa miadi. Unaweza kuwa kwenye kelele za basi la Kenya, mtaa wa hapa mjini, au mbele ya mkubwa wako. Anasema: «Allô, Papa, ni Mama wa kabine. Uko na dakika kumi?» Jibu baya ni kuanza kunong'ona ofisini, au kumuuliza palepale kazi ni ya wapi na mshahara ni ngapi. Jibu zuri ni fupi: «Jambo Mama. Niko ku kazi, naweza kukuita ku midi?» Kisha umwite saa sita kamili, si saa saba. Katika dakika hizo kumi anajaza mistari mitano kwenye karatasi yake: upo wapi sasa, kwa nini unataka kutoka, unapata kiasi gani, unaweza kuanza lini, na unakubali kuishi kambini au la. Uwe na jibu la kila mstari. Kwenye «kwa nini unataka kutoka», kumtukana mwajiri wa sasa ndiyo njia ya haraka ya kufunga dosiye, hata kama ana makosa yote duniani, kwa sababu kesho wewe ndiye utakayetunza siri za mwajiri mwingine.

Hapo kwenye simu, na wewe uliza. Mteja ni nani? Kama hawezi kumtaja, uliza angalau ni mgodi, benki, usafirishaji au shirika, na yuko mji gani. Nafasi ni mpya, au kuna mtu ameondoka? Umepewa nafasi hii peke yako, au kuna mawakala wengine? Swali hilo la mwisho lina sababu. Mawakala watatu wakipewa nafasi moja, na wewe umemwachia kila mmoja CV, mteja anaipokea mara tatu. Anaona ugomvi wa nani alipwe unakuja, na mara nyingi anamwacha mtu huyo kabisa ili asiingie kwenye ugomvi. Mwambie kila wakala: usinipeleke kwa mteja yeyote kabla hatujaongea. Kisha weka daftari lako mwenyewe: tarehe, wakala, mteja, nafasi. Safu nne tu.

Ukiitwa kwenye biro, tegemea mtihani wa kuandika. Kwa nafasi za RH maswali yanatoka kwenye sheria ya kazi, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, pamoja na mabadiliko yake ya mwaka 2016. Swali linalorudi kila mara ni la preavi, yaani notisi ya kuacha au kuachishwa kazi. Mfanyakazi ana miaka minne na miezi saba, mwajiri anamwachisha: preavi ni siku ngapi? Sheria inaanza na siku 14 za kazi, inaongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka uliotimia. Miaka iliyotimia ni minne, ile miezi saba haihesabiki. Saba mara nne ni 28, ongeza 14, unapata siku 42 za kazi, na hesabu inaanza kesho yake baada ya barua kupokelewa. Akiondoka yeye mwenyewe, anadaiwa nusu: siku 21. Wanaoanguka hapa huanguka kwa mambo mawili: wanahesabu siku za kalenda badala ya siku za kazi, au wanakimbilia 42 bila kuuliza kama makubaliano ya kampani yanatoa zaidi. Kiwango cha sheria ni sakafu, si dari. Mwombaji anayeandika pembeni «kwanza ningeangalia makubaliano ya pamoja» amekwisha kupata alama zetu.

Swali lingine ni la kosa zito. Mlinzi amemkuta mtu akichota mazutu (dizeli) ya kampani tarehe 2. Ripoti imefika mezani kwa RH tarehe 23. Mkurugenzi anataka barua ya kumfukuza leo. Sheria inatoa siku 15 za kazi, tangu mwajiri ajue, kumpa mtu huyo uamuzi kwa maandishi. Jibu zuri linaanza na swali: nani alijua, na lini? Je, mkuu wa ulinzi kujua tarehe 2 ni mwajiri kujua? Kisha hesabu siku za kazi kwenye kalenda, Jumapili na sikukuu nje. Kisha uliza: ameombwa maelezo kwa maandishi? Anayejibu moja kwa moja «afukuzwe, mwizi ni mwizi» anampeleka mteja kwa mkaguzi wa kazi, halafu tribinali.

CNSS ijue kwa moyo. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5, ya pensheni. Mwajiri anaongeza asilimia 13: 5 za pensheni, 6.5 za posho za familia, 1.5 za hatari za kazini. Jumla 18. Mtu wa RH anayesema «ile ya CNSS ni kazi ya mhasibu» amejitoa mwenyewe.

Kwa nafasi ya mafunzo, mtihani ni mwingine, na tunaona ndio mzuri zaidi. Unapewa dakika kumi na mada: waeleze mafundi wapya namna ya kufungia mashine kabla ya kuitengeneza. Mbele yako wamekaa watu wanne wanaojifanya mafundi. Mwombaji wa kawaida anafungua slaidi zake za Kifaransa, anasoma. Dakika ya sita bado yuko kwenye historia ya usalama kazini. Mwombaji anayechukuliwa anatoa mfukoni kufuli ya kawaida ya dukani, anaiweka mezani, na anaongea Kiswahili, kwa sababu kule mgodini ndicho watakachokielewa saa kumi za usiku. Anasema: waambie wenzako unazima. Zima. Tenga mashine na umeme, maji, hewa, kila nguvu inayoiendesha. Funga kufuli yako wewe, si ya mwenzako, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Weka kibandiko chenye jina lako. Toa nguvu iliyobaki ndani, presha, springi, mzigo uliotundikwa. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha uone kama kweli haiwaki. Halafu anafanya jambo ambalo wengi hulisahau: anampa kufuli mmoja wa wale wanne na kumwambia «fanya wewe», ananyamaza, anamwangalia. Mafunzo yanapimwa hapo, kwenye mikono ya yule mtu.

Wengine huulizwa watapimaje mafunzo, nao wanataja Kirkpatrick na ngazi zake nne tangu 1959: walipenda, walijifunza, wanafanya tofauti, matokeo yamebadilika. Vizuri, lakini usiishie kwenye jina. Sema utafanya nini ngazi ya tatu: wiki sita baada ya mafunzo nitapita karakana mara mbili bila kutangaza, nikiwa na karatasi ya kuangalia, nihesabu kufuli ngapi zimefungwa na wenyewe.

Kuna pia zoezi la kupanga. Wafanyakazi 90, timu tatu za zamu, watu 30 kila timu, chumba kinachukua 15. Wote wanatoa jibu la vipindi sita, na hesabu ni sahihi. Kisha wanaviweka vyote mchana. Timu ya usiku itakuja saa ngapi? Ikija asubuhi baada ya zamu, watu watalala darasani. Ikiitwa siku ya mapumziko, mafunzo ya lazima ni saa za kazi na zitalipwa, kwa hiyo ziingie kwenye bajeti. Na huwezi kutoa watu 15 kati ya 30 kwenye zamu moja halafu mashine iendelee kama kawaida. Muulize kwanza mkuu wa uzalishaji ni wangapi anaoweza kuwaachia. Zoezi hilo halina jibu moja. Tunasikiliza kama jina la mkuu wa uzalishaji limetajwa.

Orodha fupi ikifika kwa mteja, kwa kawaida mnabaki watatu. Mahojiano ya mteja mara nyingi yanakuwa ya mtandao, na mkubwa anaweza kuwa Kinshasa, Johannesburg au China. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Johannesburg tuko sawa. Wakala akiandika 10h00, uliza ni 10h00 ya wapi, na ujibu kwa tarakimu, maana kwa watu wa RH wenyewe «saa nne» na «saa kumi» zimekosanisha wengi. Umeme wa SNEL unajua mwenyewe. Simu ijae chaji tangu usiku, uwe na laini mbili za mitandao tofauti, na namba ya wakala iliyoandikwa kwenye karatasi ili umwarifu ukikatika. Kifaransa ndicho cha maandishi yote ya kazi, lakini kwenye migodi swali la ghafla la Kiingereza linakuja. Jibu fupi la kweli linatosha: naelewa, naandika taratibu.

Mshahara sasa. Wakala anakuuliza unataka ngapi. Usitaje namba moja tupu. Uliza kwanza tunaongea dola au faranga, ghafi au baada ya makato. Kisha uliza nyumba na usafiri vimo ndani au viko nje. Hapa ndipo mtu wa RH anapaswa kuwaka taa, kwa sababu sheria yetu haihesabu matibabu, posho ya nyumba, posho za familia za kisheria wala usafiri kuwa sehemu ya ujira. Watu wawili wanaweza kupewa jumla ya dola 1,500 kila mmoja. Wa kwanza ana ujira wa 1,400 na usafiri wa 100. Wa pili ana ujira wa 800, nyumba 500 na usafiri 200. Kabla ya makato jumla zao zinafanana. Michango ya CNSS ikipigwa juu ya ujira, hawafanani hata kidogo. Ukiuliza swali hilo kwa upole, wakala hatakasirika. Ataandika kwamba unajua kazi.

Uliza pia mzunguko wa kazi: Jumatatu hadi Ijumaa mjini, au wiki tatu kambini na moja nyumbani, na nani anakusafirisha kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, zaidi ya kilomita 300.

Kontra ikija, isome nyumbani usiku mmoja. Muda wa majaribio uandikwe, na usizidi miezi sita. Mwezi mmoja ni wa kibarua asiye na ujuzi. Kontra ya muda maalumu haizidi miaka miwili. Ila kama umeoa au umeolewa na kazi inakutenganisha na familia yako, haizidi mwaka mmoja. Wengi wanaokwenda kambini peke yao hawaijui sheria hiyo, na tumeona hata waandishi wa kontra wakiisahau. Kontra ya muda maalumu inarudiwa mara moja tu. Kisha angalia jina la mwajiri juu ya ukurasa wa kwanza, kama ni lile uliloambiwa kwenye simu, na uulize lini inapelekwa ONEM (ofisi ya taifa ya ajira) kupata viza, yaani kuidhinishwa. Uchunguzi wa daktari unafanyika kwa gharama ya mwajiri. Usiache kazi ya zamani kabla ya majibu ya daktari na kontra iliyosainiwa na pande zote mbili. Ahadi ya mdomo ya wakala, hata wakala mwema, si kontra, kwa sababu anayeamua si yeye.

Na tarehe ya kuanza. Watu wengi, kwa furaha, wanasema «naanza Jumatatu». Una miaka minne kwa mwajiri wako? Unadaiwa siku 21 za kazi, ile hesabu ya mtihani. Wakala aliyekusahihishia karatasi anaikumbuka, na mteja anajiuliza kama na yeye utamwacha siku moja. Sema tarehe yako kamili, ukihesabu kuanzia kesho yake baada ya barua kupokelewa. Peleka barua ya kuacha kazi kwa nakala mbili, yako igongwe muhuri na tarehe. Kabidhi faili kwa orodha iliyosainiwa na anayepokea. Siku ya mwisho usitoke mlangoni bila cheti cha kazi. Kisome hapohapo, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, cheo. Kikiwa na kosa, kirekebishwe kabla mwandishi hajaenda kula. Usiku huohuo kiskani, kiingie kwenye PDF mbele ya vile vya zamani, na faili ibadilishwe mwaka kwenye jina lake.